Onja Kwanza, Mama Clemence

Pankras alikuwa mtu wa kushuku. Tangu ushirika ulegee na wanunuzi binafsi wa kahawa waruhusiwe kuja huku milimani Mbinga, yeye aliona wezi kila upande, na kwenye mizani, tuseme ukweli, hakukosea sana. Ubaya ni kwamba aliiingiza shaka hiyo mpaka jikoni kwake.

Jioni moja ya msimu wa mavuno, mkewe Walburga alipika majani ya maboga kwa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Usipa wenyewe uliletwa kutoka Mbaha na Tadei, kaka yake Walburga. Pankras alikula akashiba. Kulipokucha mdomo umepinda, mkono wa kushoto mzito, maneno yanamtoka kama mlevi. Baada ya wiki kadhaa mdomo ulirudi mahali pake, na mkono ukapata nguvu kidogo. Lakini kichwani alikuwa ameshaamua kwamba kalishwa kitu.

Hebu sikiliza hesabu zake. Tadei, juzi tu alikuwa anavua samaki, leo ni wakala wa mnunuzi binafsi, anazunguka kuuliza shamba la nani linazaa vizuri. Na anayeshika mwiko ni dada yake. Sasa hapo unataka ushahidi gani tena? Wanataka nife, wachukue shamba!

Kijijini, mwenye pombe hunywa kwanza, wageni waone haina kitu. Pankras akaihamishia desturi hiyo kwenye sahani ya mkewe. "Onja kwanza, Mama Clemence," alisema, hata majirani wakiwepo. Walburga aliona aibu mpaka machozi, akaonja. Wala haikusaidia, maana mume alijisemea, huyu kameza dawa ya kuzuia sumu kabla ya kuja.

Mwishowe akaacha kabisa mboga, samaki, hata maharage. Alikwenda mashineni mwenyewe kusaga sembe nyeupe, akasonga ugali mwenyewe. Sisi huku kahawa tunalima tunauza, kunywa ni mara chache. Yeye alikaanga yake, akaitwanga, akaichemsha, akanywa kutwa nzima kwa sababu haikupita mkononi mwa mtu. Jamani, mwanamume mzima anatelemsha ugali kwa kahawa! Watu walimcheka, yeye akawaona wajinga.

Hakupona. Alikonda, akachoka, na mavuno yaliyofuata mguu wa kulia ukavimba ukawa kama gogo. Walburga ndiye aliyemtafutia gari la kumpeleka hospitali.

Daktari Winifrida alimtibu, akachukua damu, nyingine akaituma mbali kupimwa. Majibu yaliporudi, Pankras alidakia.

"Daktari, mmeiona sumu?"

"Kuna kitu tumekiona, mzee."

"Nilijua!" Akageuka kumtazama Walburga aliyekuwa ameketi mlangoni.

"Subiri kwanza. Kinaitwa homosisteini, na hakuna aliyekutilia. Mwili unakitengeneza wenyewe kutokana na chakula, kisha unakiondoa. Ili ukiondoe unahitaji folati, iliyomo kwenye mboga za majani na maharage, na vitamini B12, iliyomo kwenye samaki na nyama. Ukivikosa, kinajaa kwenye damu. Wenye nacho kingi, mara nyingi tunakuta mishipa yao imeharibika, au damu imeganda kama hapa mguuni kwako. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichokupindisha mdomo, maana hata presha yako iko juu. Mboga unakula?"

Pankras akajifanya kuupapasa mguu.

"Na samaki?"

"Kahawa nakunywa," alisema kwa sauti ndogo.

"Kahawa nyingi nayo inakipandisha. Mzee, mguu tumeuwahi. Damu ikiganda tena ikakimbilia mapafuni, hatutawahi. Meza dawa nilizokupa, na ule."

Pankras akainama karibu na daktari. "Samahani, mama. Tadei hajaja kuzungumza na wewe?"

Daktari akaita mgonjwa mwingine.

Nyumbani Walburga alipika majani ya maboga kwa usipa. Akamnawisha mikono mumewe, akaweka bakuli mbele yake. Pankras alinusa, tonge likabaki hewani.

"Onja kwanza, Mama Clemence."

"Sionji, Pankras."

Tangu waoane Walburga hakuwahi kumwita mumewe kwa jina.

"Nimeonja mbele ya majirani kama mwizi anayeapishwa. Daktari amekwambia, mimi nikiwa nasikia, na bado unaniuliza. Chakula ni hicho. Usipokula, utakufa kwa mkono wako."

Akatoka nje. Pankras aliutazama mguu wake, akalitazama bakuli. Hofu ilimshika kwelikweli. Akachovya tonge, akala, la kwanza kwa kufumba macho, la pili kwa njaa. Ilikuwa tamu, masikini, mpaka akalia.

"Mama Clemence! Njoo tule!"

Hakuitikiwa. Alijikokota hadi mlangoni. Walburga alikuwa uani amejitanda khanga, mzigo miguuni, na Tadei, ambaye alimtumia ujumbe tangu kule hospitali, amekuja kumchukua kumrudisha kwao Mbaha.

"Nimekula," Pankras alisema. "Tazama, nimemaliza."

"Vizuri," Walburga alisema, akajitwika mzigo. "Mbegu za maboga nimekuachia juu ya dari. Utapanda mwenyewe, utapika mwenyewe, na kuonja utaonja mwenyewe."