Udi Ulipoletwa, Mimi Nikangoja Chai

Aibu hii nilikuwa nimeizika kabisa, lakini kwa vile Zuhura ameshaanza kuisimulia kule kwao Majengo, Meru, tena anaongeza chumvi, wacha niiseme mwenyewe.

Zuhura ni rafiki yangu wa Meru tangu tukisoma chuo hapa Embu. Alipoposwa na kijana wa kisiwa kimoja kidogo upande wa Lamu (gari hakuna, ni punda na vichochoro, na salamu ndefu hadi unasahau ulikuwa unaenda wapi), mamake alikuwa anaumwa magoti, hangeweza safari ile, kwa hivyo nikatumwa mimi nikae mahali pake.

"Wanja, hawa ni watu wa mila," Zuhura akanisihi. "Ukiniaibisha mbele ya mama mkwe, watasema sikulelewa."

Nikamwambia atulie, mimi ni mtu wa Kanja, hapa hapa Embu, heshima nimezaliwa nayo.

Basi siku ya wanawake kumtazama bibi harusi, ukumbi ukajaa. Zuhura alikuwa amekalishwa juu jukwaani, macho chini, haruhusiwi hata kuongea, nami nikawekwa mbele kabisa, ubavuni mwa mama mkwe, Bi Fatuma. Tukala pilau, tukanywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo kama vya kuchezea watoto, kisha kikaletwa chetezo, kile chombo cha makaa chenye udi unaofuka. Nikapewa wa kwanza, nikajifukiza, nikakirudisha, halafu nikaamua kukaa ningoje chai. Kwetu hata ukila ng'ombe mzima huwezi kutoka kwa watu kabla ya chai ya maziwa, watasema umewadharau!

Chetezo kikarudi. Nikanyunyiziwa marashi. Nikashukuru, nikakunja miguu vizuri zaidi. Zuhura akanikodolea macho kutoka kule juu, nikadhani ni wasiwasi wa harusi, nikamkonyezea. Watoto wakaanza kulia, nyanya mmoja akasinzia, na hakuna aliyeinuka, nami nikawasifu moyoni kwamba watu wa kisiwani wana subira kweli.

Chetezo kilipoletwa tena niliona makaa yanataka kuzima. Sasa mimi, niliyekuzwa na moto wa kuni, nikainama nikapuliza kwa nguvu zangu zote, na majivu yote yakaruka yakatua kichwani mwa Bi Fatuma. Moshi ukanitoa machozi, na wanawake wa nyuma (ambao hawakuona majivu) wakadhani namlilia binti yetu, wakaanza kulia nao, ukumbi mzima ukawa kilio.

Hapo Zuhura akasahau mila. "Wanja, simama! Udi ukiletwa shughuli imeisha! Wewe ndiye mgeni mkubwa, hakuna anayeweza kuinuka kabla yako!"

Jamani, nilitamani sakafu inimeze. Nikajua nimemharibia rafiki yangu ndoa.

Bi Fatuma akajipangusa majivu polepole. "Kwani mwanangu, wangoja nini?"

"Chai," nikajibu.

Alicheka hadi akashika mbavu. Akaagiza chai ipikwe, na tulipokuwa tunakunywa akawaambia wenzake, "Mimi nilikuwa na hofu mke wa bara atatukimbia. Kumbe watu wao hata ukiwafukuza hawatoki!"

Tangu siku hiyo nimeapa, nikialikwa popote, kabla hata ya kuuliza choo kiko wapi, nauliza kwanza watu wa hapo huondokaje.

Juzi Bi Fatuma alinitembelea hapa Embu mjini. Nikampa chai, akanywa, akakaa. Nikaongeza, akanywa, akakaa. Jioni ikaingia, maziwa yameisha, nikamuuliza kwa adabu kama kuna kitu amekosa.

"Nangoja udi, mwanangu," akasema, uso mkavu kabisa.

Udi sina. Nikawasha dawa ya mbu. Akainuka, akajifukiza mikono yote miwili, akaniaga.