Semisi na Mama Mkwe Kambani

Kwetu Taveuni, kisiwa cha Fiji, mwanamume hasemi na mama mkwe wake wala hamgusi. Semisi, anayewafunga wageni kwenye kamba ya kuteleza angani kuvuka bonde la hifadhi ya msitu, ameishika adabu hiyo miaka kumi na moja. Bi Litia, mama mkwe wake, alipokuja kuteleza, Semisi alimwachia mwenzake Apenisa amfunge, yeye akageuka pembeni.

Alipotazama tena, mama yuko ukingoni na kulabu ya mkanda wake wa mgongoni inaning'inia, haijafungwa kwenye kamba. Apenisa alikuwa akitaniana na wanawake wa foleni, nami nikiwemo.

"Jitupe, bibi! Kasuku wanakungoja!" tulimpigia kelele.

"Kelele! Najitupa!" alijibu Bi Litia.

Semisi alifungua mdomo, sauti ikagoma. Akamwita Apenisa, lakini vicheko vilimzidi. Bi Litia akainua mguu. Semisi akamdaka kiunoni kwa mikono miwili, wakaanguka wote juu ya mbao.

Semisi akaifunga kulabu, macho chini.

"Nisamehe, mama." Hakuwahi kumwambia neno kabla ya hapo.

Bi Litia aliivuta kulabu mara mbili, akahakikisha.

"Kumbe una sauti," alisema. "Haya, nisukume."