Fundi Asiyeamini "Zote"

Fundi wa mtandao wa hospitali haamini neno "zote", lile la kuagiza kadi zote za mtandao kwa mkupuo mmoja. Akibadilisha mpangilio kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, huuandika daftarini kwa penseli, kisha huiuliza mashine upya, kadi ya mtandao moja moja, kidole kikitembea kwenye kioo. Wenzake humtania: "Dada, si umeshaandika zote?" Yeye husogeza kidole kwenye kadi inayofuata. Leo majibu ya maabara yaligoma kufika wodini, wakubwa wakajaa mlangoni. Kidole kikasimama kwenye kadi moja. Agizo la jana la "zote", la mpangilio mwingine, lilizifikia kadi zote. La leo, lililoandikwa vilevile, limeiruka hii. Akaiandikia hiyo peke yake. Simu ikalia. "Yameingia yote," muuguzi wa wodini akashangilia. "Nisomee moja moja," fundi akasema, na kwa kila jina la mgonjwa akatia tiki, akicheka hadi jino la mwisho.