Mafundo Tisa

Mama alisuka kawa maisha yake yote. Pale Koboko watu walizikodolea macho harusini, zile kawa zake nyekundu na kijani zilizofunika sinia za chakula, wakaulizana nani amezisuka huku wanajua. Alipokuja kwangu Arua kutibiwa alileta furushi moja la nguo na mawili ya ukindu, na mimi nikamkaripia. Nilimwambia amekuja hospitali, hakuja sokoni. Ndivyo ulimi wangu ulivyokuwa siku hizo. Nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi za serikali pale Arua Hill, nina nyumba ya matofali ya vyumba viwili, na nilijiona mtu.

Uvimbe ulikuwa kwenye titi. Aliuficha karibu mwaka mzima kwa haya. Daktari alikuwa mgeni, mpole, asiyejua Kiswahili wala Kinubi, kwa hiyo nilikaa katikati yao nikifasiri. Alisema ni kansa, na imeshafika kwenye ini, kisu hakitasaidia kitu. Kampala wangeweza kumwongezea wiki chache, nyingi zake za mateso. Au angempa dawa ya maumivu arudi kwao, akae na watu wake wakati bado ana nguvu. Kisha akaweka kalamu chini. "Muulize mwenyewe anataka nini," akaniambia.

Nikamgeukia mama. "Daktari anasema ugonjwa utachukua muda, lakini utapona. Ukae Arua upate sindano."

Mama akafikiri kidogo. "Mimi nataka kwenda Koboko kwanza. Dada yangu iko kule, na maneno yetu bado kwisha. Nikimaliza na yeye, nitarudi kwa sindano."

Nikamgeukia daktari, nikamwambia kwa Kiingereza safi kwamba mama anataka kubaki na mimi.

Huyo dada yake, mama yangu mkubwa, yeye na mama walikuwa hawasemezani miaka kumi na zaidi. Waligombana kwa ajili yangu. Mama aliponipeleka shule ya misheni Ediofe, mama mkubwa alikuja juu: mtoto wa Kiislamu akafundishwe na masista? Alisema mbele ya majirani kwamba nikishajua Kiingereza nitamdharau mama yangu, na siku ya shida nitamficha kwa wageni. Mama akamwambia asikanyage tena mlangoni kwake. Sasa ningemrudisha mama Koboko akiwa hajiwezi, mama mkubwa angempokea, na angenitazama. Niliyakimbia macho hayo. Nilijiambia pia kwamba namwonea mama huruma, kwamba mgonjwa akiambiwa hukata tamaa. Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini haikuwa ya kwanza.

Ramadhani ikaingia na mvua zake. Daktari alikuwa amemkataza mama kufunga, na mama hakubisha. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, akipona atalipa siku zake. Alichukua unyuzi mrefu wa ukindu, na kila jioni akapiga fundo moja asije akasahau amekula siku ngapi. "Nikipata nguvu nitalipa pole pole," alisema. "Jumatatu na Alhamisi."

Mimi nilijua hatalipa, nikaingiwa na hofu. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutolewa fidia: analishwa maskini mmoja kwa kila siku aliyoikosa. Nilikuwa nimemdanganya mama, nimemdanganya daktari, lakini kumwacha mama afe na siku zake shingoni sikuthubutu. Nikamtafuta mzee mmoja kipofu aliyekaa karibu na msikiti, nikamwomba aje kwangu kila magharibi. Nilimpikia mwenyewe ugali wa muhogo na bamia za simsim, ufuta wa kwetu, siku nyingine nyama. Sahani yake niliifunika kwa kawa ya mama, kwa sababu ndizo zilizojaa nyumbani.

Mama alikuwa akilala kwenye mkeka barazani. Siku ya tatu aliuliza, "Huyu mzee anakula hapa kila siku?"

"Sadaka tu, mama. Si ni Ramadhani."

"Sadaka iko muzuri," akasema.

Siku ya kumi mvua ilinyesha tangu alasiri na mzee hakuja. Nikajifunika gunia kichwani, nikakimbia na sahani mpaka msikitini, nikarudi nimelowa chapachapa. Mama alikuwa ameketi. Alinitazama muda mrefu, kisha akanipa kanga yake nijifute. Ingekuwa sadaka tu, ningengoja kesho. Na kanuni ile ya kulisha maskini alinifundisha yeye mwenyewe nilipokuwa na miaka minane, tukichambua maharage.

Asubuhi nilipokung'uta mkeka wake niliuona ule ukindu. Mafundo tisa. Kesho yake tisa. Siku ya kumi na tano bado tisa. Aliacha kupiga mafundo kwa sababu alikuwa amejua, na mimi nilijua kwamba amejua, na hatukusema neno.

Wakati huo bado aliweza kuketi, kunywa uji, kuzungumza. Magari ya Koboko yaliondoka mjini kila asubuhi, na mimi niliyapita nikienda kupiga taipu barua za watu. Kila asubuhi niliapa kwamba jioni nitasema. Jioni nilipika, nikafunika sahani, nikampa mzee. Siku moja nilikuwa namwosha miguu, akasema, "Wewe iko mtoto muzuri. Dada yangu alisema vibaya." Nilifurahi, mjinga mimi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba asingeweza kumwita dada yake bila kuniumbua mbele yake, na kwamba alikuwa amechagua kati yetu.

Baada ya Idi macho yake yaligeuka njano, akaanza kuchanganya siku. Hapo ndipo nilipoanza kufanya haraka. Nilimwomba mfanyabiashara wa simsim pikapu yake, tukamlaza juu ya magunia. Tulipofika Koboko alikuwa hamtambui mtu. Mama mkubwa alikuja mbio bila viatu, akapiga magoti, akamshika mkono. "Mimi nilikosa," akamwambia. "Mtoto alisoma, hakuna kitu mubaya. Amuka, sema na mimi." Alirudia hivyo siku mbili. Siku ya tatu mama alifariki bila kumjibu.

Baada ya maziko mama mkubwa aliniita nyuma ya jiko.

"Yeye alijua iko anakufa?" akauliza. "Ama wewe ulificha yeye?"

Nilikuwa na jibu. Ningesema nilimficha, kwamba mama aliomba kuja kwa dada yake kabla ya kitu kingine chochote na mimi nikamzuia. Nikayaona yale macho.

"Alijua," nikasema.

"Toka lini?"

"Tangu siku ya kumi ya Ramadhani."

Kweli tupu. Mama mkubwa akahesabu kwa vidole, polepole. "Na hakuna mutu alikuja kuita mimi," akasema. Akajifunika uso kwa mtandio. Nilipaswa kumshika mkono. Niliokota vikombe vya chai nikaenda kuviosha.

Hakunilaumu hata mara moja. Alinipenda zaidi, nadhani, kwa kuwa nilikuwa nimemuuguza dada yake peke yangu. Mwaka 1979, vita vilipotufikia, tulivuka pamoja kuingia Sudan, na huko homa ikamshika chini ya turubai. Aliwaomba radhi watu wote waliokuwa karibu, na mimi nikiwemo. Kisha akasema dada yake tu ndiye aliyekataa kumsamehe, alijua anakufa na hakumwita, akaniuliza kama najua kwa nini.

Nilimwambia alale apumzike. Ukindu wenye mafundo tisa ulikuwa ndani ya furushi langu, hatua tatu kutoka kichwani pake.