Pampu Haikuwa Mbovu

Nilizabwa kofi na kamanda wa jeshi kwa sababu nilisema pampu ni nzima.

Sikieni ilivyokuwa.

Mimi ni fundi wa pampu za visima. Niliitwa kwenye kisima kinachotumiwa na wakulima na wafugaji. Mwaka wa tatu mvua haieleweki. Maji yakakata. Wakulima wakadai wafugaji wameharibu pampu, wafugaji wakadai ni wakulima.

Wakapigana, na ndani ya wiki moja wakazikwa watu wanne.

Wanne, jamani!

Kamanda wa kambi ya jeshi iliyo karibu akaniambia, "Fundi, tafuta kilichoharibiwa. Nataka jina la mhusika leo."

Wanajeshi wakanisaidia kuvuta mabomba. Nikaifungua pampu, nikaipima. Nzima kabisa.

"Mkubwa, pampu haina shida. Maji ndiyo yameshuka chini."

Pa! Kofi.

"Umehongwa na nani?"

Machozi yalinilenga kwa hasira.

"Basi niitie mmoja wa huku na mmoja wa kule," nikasema.

Akaja mama mkulima aliyefiwa na mumewe juzi tu, na mzee mfugaji aliyemzika mwanawe. Hawakutazamana. Nikawapa kamba, mwishoni nimefunga chuma.

"Shusheni wenyewe."

Wakashusha mpaka chuma kikagota chini. Wakavuta.

Kavu. Vumbi tupu.

Mzee akakaa chini palepale. "Kwa hiyo mwanangu kafia nini?"

 Mama alimshika mkono, akamwinua.

Nilipokuwa nafunga vifaa, kamanda akanisogelea. Sauti imeshuka.

"Nilijua. Ripoti ya maji niliipata mwaka jana."

"Ukanyamaza?"

"Ningewaambia maji yamekwisha, wote wangehamia mjini. Mjini nako kuna maji gani? Nikaona heri walaumiane hukuhuku."

Nikabeba vifaa vyangu, nikaondoka.

Kesho yake nikazikuta pande zote mbili barabarani, na mifugo, na vitanda kwenye mikokoteni. Zote zinaelekea kisima cha kijiji jirani, kimoja hichohicho.

Kisima hicho nilikipima mwezi uliopita. Kimebakiza maji ya miezi miwili. Nimewaambia wakubwa, nikajibiwa nisizue taharuki.

Ndugu zangu, ukiona mkubwa ana haraka ya kukuonyesha adui, muulize kwanza anaficha nini. Na muulize mapema, kabla hamjaanza kuchimba makaburi.