Kitabu cha Tajiri Mkali na Herufi za Mzee Mutua

Nakumbuka Jumatatu moja asubuhi, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikishuka River Road na kitabu kwapani, kifua mbele, kana kwamba kiwanda cha uchapaji nilikokwenda kufanya kazi kilikuwa changu. Kilikuwa na mwenyewe. Mimi nilikuwa na wiki sita za usimamizi na suti moja.

Kitabu kilieleza maisha ya mwenye viwanda mmoja wa ng'ambo. Nilikuwa nimekisoma Jumapili nzima kitandani kule mtaa wa Jamhuri, hata kanisani sikuenda, na kilinichanganya kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma. Mtu huyu aliwaza mashine ambazo hakuna aliyeziota, akazitengeneza, nchi nzima ikazitumia. Mtu huyo huyo aliwatukana mafundi wake mpaka wakalia, na kazi ikimfikia na kasoro ndogo, aliivunja mbele yao. Na hao waliolia, mwishoni mwa kitabu, walimshukuru! Nilishindwa kujua nimpende au nimchukie. Lakini kipya kinyemi. Nilipochoka kufikiri nikachagua lililo rahisi: nitakuwa mkali.

Aliyenikuta hivyo kwanza ni Mzee Mutua, mtu wa Machakos, mpanga herufi wetu. Siku hizo ukurasa ulipangwa kwa mkono, herufi moja moja ya madini ya risasi, ndani ya fremu ya chuma. Nilipofika kutoka Kakamega sijui lolote, ndiye aliyenifundisha. Asubuhi ile alikuwa amemaliza ukurasa wa nyimbo za kanisa fulani, nami nikaona mstari mmoja umepinda. Ulikuwa umepinda kweli, siwezi kukudanganya. Nikainua fremu, nikaipindua, herufi zote zikamwagika sakafuni.

Mashine zikazimwa. Mzee Mutua akavuta kiti, akaketi.

"Kijana, hapa mwenye kumwaga ndiye anaokota," alisema. "Hiyo sheria ulitupata nayo."

Alisema kweli, hata mwenye kiwanda aliwahi kuokota. Nikapiga magoti na suti yangu. Kila herufi ilipaswa kurudi kwenye kijumba chake, na sikumaliza mpaka Jumanne mchana. Wenzangu walinipita bila kunicheka, na hilo liliniuma zaidi ya kicheko.

Nikiwa pale chini nilimsimulia habari za kitabu, nikidhani atanielewa. Alisikiliza vizuri.

"Hao walisema asante ni wale walibaki," akasema. "Sasa wale walienda, kuna mtu aliwauliza?"

Nilikipekua kitabu chote na sikupata hata ukurasa mmoja wa walioondoka wasirudi.

Mwisho wa mwezi Mzee Mutua akaaga, akaenda kiwanda kingine barabara hiyo hiyo. Sasa sikia linalonitatiza hadi leo: kazi yetu ilinyooka. Vijana waliniogopa, mistari ikawa sawa, mwenye kiwanda akanisifu. Ningeandika kitabu changu wakati huo ningejiita shujaa. Lakini nilikuwa sijajua hata nusu ya kazi ile, na mwalimu wangu nilikuwa nimemfukuza mwenyewe. Nilimhitaji kila siku, na sikuwa na wa kumuuliza.

Jumamosi moja nikamwalika Kenyatta Market, nikaagiza nyama choma, nikamwomba msamaha na kumsihi arudi.

"Nilikusamehe hiyo siku ulikuwa umepiga magoti," alisema akitafuna. "Lakini kurudi, hapana. Kusamehe ni kitu moja, kurudi ni kitu ingine. Kula nyama, inapoa."

Nikala, machozi yakinilenga. Katika kitabu, fundi aliyeondoka kwa hasira alirudi. Wangu hakurudi.

Mwanangu, soma maisha ya wakubwa, usiache. Ila wahenga walituonya, usiige kunya kwa tembo utapasuka msamba, nami nilipasuka hadharani. Maono ya tajiri yule yalimgharimu miaka ya jasho; ukali wake mimi niliupata kwa siku moja. Ukiona tabia ya mkubwa unaweza kuiiga kabla ya chai ya saa nne, ishuku. Kama alijenga kwa sababu ya ukali au alijenga ingawa alikuwa mkali, sijui, na nimezeeka nikijiuliza. Ninalojua ni dogo: mstari ukipinda, sema umepinda, lakini kazi ya mtu usiimwage. Na aliyekufundisha kazi umkosoe kando, tena kwa sauti ya chini.

Mungu akujalie macho ya kuona mbali. Akuweke karibu na mtu wa kukuambia umekosea, na mtu huyo asikuchoke.