Kasuku wa Fundi Rula

Fundi Rula hakuwa mtu wa ndege. Tuseme ukweli, hakuwa mtu wa mnyama yeyote. Hata paka wa jirani alikuwa akipita mbali na mlango wake. Alishona suruali na makoti ya wanaume, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya rula yake ndefu ya mbao iliyoning'inia kwenye msumari juu ya cherehani ya pili. Alilipenda. Mtu akimwita hivyo barabarani, aliitika kifua mbele.

Cherehani ya pili ilikuwa ya binti yake. Mama wa binti huyo alifariki mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mzee akamlea peke yake humo humo kwenye chumba cha kazi. Mtoto alitambaa chini ya meza ya kukatia, akacheza na vipande vya vitambaa, na miguu ilipofika kwenye kanyagio akaanza kushona. Sasa alikuwa ameposwa. Harusi ikishapita angehamia kwa mumewe, na mzee angebaki na cherehani mbili na mdomo mmoja. Hilo lilimtisha kuliko alivyokubali kusema.

"Nikiondoka utaongea na nani, Baba?" binti alimuuliza. "Na cherehani?"

"Cherehani haibishi."

"Ndiyo maana nakutafutia kitu kitakachobisha."

Basi wakaenda kwa Mama Ndege. Huyo alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyepokea kasuku waliokataliwa na wenyewe: huyu mwenyewe kahama, yule mwenyewe kachoshwa na kelele. Aliwatunza uani kwake, akawatafutia watu wapya. Lakini alikuwa na taratibu zake, na hakuna aliyezivuka. Kwanza, hakuna kuondoka na ndege siku ya kwanza. Unakuja, unakaa kwenye benchi, unarudi kwenu, unakuja tena, mpaka ndege akuzoee au akukatae. Pili, kuna swali.

"Mzee wangu, umewahi kulea kitu chenye roho?"

"Huyu hapa," alijibu Fundi Rula, akimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Peke yangu, bila mama. Mtazame alivyonyooka. Nilimnyoosha mwenyewe."

Binti akatabasamu, akaangalia viatu vyake.

Fundi alishajichagulia tayari. Kulikuwa na kasuku wa kijani, mpiga domo wa hali ya juu, aliyesalimia kila anayeingia na kumjibia kabla hajaitika. Mzee alishaanza kuona wateja wakijaa mlangoni kumsikiliza.

"Huyo usimtake," alisema Mama Ndege. "Ndege wa kwanza asiwe wa kujionyesha nao. Huyo atakuchosha, utamfunika kitambaa kutwa nzima, kisha utanirudishia."

"Na yule je?" mzee akanyanyua mkono kuonyesha wa kijivu aliyekuwa kimya pembeni.

Mkono ulipopanda tu, yule wa kijivu akajikunja. Shingo ikaingia mwilini, macho yakafumba, akabaki hivyo juu ya kijiti chake mpaka mkono uliposhuka. Hakupiga kelele wala hakuruka.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Alipigwa. Aliyekuwa naye alikuwa akimchapa kijiti akikosea maneno."

Loo, mzee alivyochemka! Aliuliza huyo mtu anakaa wapi. Aliuliza kama ana akili timamu. "Kiumbe kidogo hivi? Unampiga ili iweje?" Na hapo hapo akasema anamtaka huyo huyo, wa kijani akawasalimie wengine. Njiani kurudi hakuwa na habari nyingine. Alisimama kwa kinyozi akamsimulia, akasimama kwa muuza mkaa akamsimulia, na kila mara yule mchapaji alizidi kuwa mbaya. Binti alikuwa akimngoja pembeni, mkoba mkononi.

Kesho yake walikuwa kazini. Binti alikuwa akishona pindo na kusimulia habari za shangazi wa mchumba wake, aliyejaribu gauni la harusi la mtu mwingine likamkwama mabegani asiweze kulivua. Alicheka mpaka akashika tumbo, na mzee naye alicheka. Huku akicheka akasogea nyuma ya binti, akanyanyua mkono kuchukua rula.

Shingo ya binti ikaingia mabegani. Macho yakafumba. Mdomo uliendelea kusimulia: "...ikabidi waite watu wawili wa kumvuta, Baba, mmoja mkono huu, mmoja huu..." Hakukatiza wala hakujua. Mkono ulipokwisha kushuka na rula yake, shingo ikarudi mahali pake na cherehani ikaendelea.

Mzee alisimama na rula mkononi. Akajiambia ameona vibaya. Akainyanyua tena kama mtu anayeirudisha kwenye msumari, na shingo ikaingia tena vilevile.

Ndipo alipokumbuka. Mshono ukipinda, rula moja ya kichwa. Uzi ukikatika ovyo, moja ya mgongoni. Ndivyo alivyomfundisha, na aliwahi kuwasimulia wateja kama kichekesho, binti akiwa amekaa pale pale. Alikuwa ameacha zamani, binti alipokuwa mkubwa kumpita kimo, na kwa kuwa aliacha alidhani yamekwisha. Tena kinyozi na muuza mkaa walikuwa wamesikia maneno yake yote kuhusu mtu anayepiga kiumbe kidogo. Aibu ilimvaa mwili mzima. Alitoka nje akajifanya anakung'uta koti la mteja, akalikung'uta mpaka mpita njia akamuuliza kuna nini humo.

Kwa Mama Ndege alirudi peke yake. Alikaa kwenye benchi, mikono ameikalia.

"Mikono ionekane, mzee wangu. Mkono uliofichwa unamtisha ndege zaidi."

Akaiweka magotini. Hakuweza kumtazama usoni. "Mama, mtafutie ndege huyu mtu mwingine. Mimi sifai."

"Kwa nini tena?"

"Yule binti uliyemwona. Nilimnyoosha kwa rula."

Mama Ndege alimenya ndizi, akampa yule wa kijivu kipande.

"Huyu ataacha lini kujikunja?" mzee aliuliza.

"Wengine hawaachi. Atakuzoea, atakula mkononi mwako, atakuita ukitoka. Ila mkono ukipanda, shingo inaingia. Wewe mwambie kwanza. Kabla hujanyanyua, sema unataka nini, tena kwa sauti ya kawaida, kila mara. Atajua angalau kinachokuja."

"Na bado unanipa?"

"Ningengoja watu wasio na makosa, mzee wangu, ndege wote hawa wangezeekea uani kwangu. Endelea kuja."

Akaendelea kuja, na hatimaye wa kijivu alihamia kwenye chumba cha kazi, dirishani, karibu na cherehani ya pili. Tangu siku hiyo wateja walipata cha kuchekea. "Nanyanyua mkono, nachukua uzi," anasema mzee. "Nanyanyua mkono, nachukua rula." Kinyozi alimtania kwamba anaomba ruhusa kwa kuku. Binti alicheka sana. Alisema laiti angejua kwamba ndege atamtia baba yake adabu, angemleta mapema.

Mzee alicheka nao. Kila siku alipanga kusema lile lililomkaa rohoni, na kila siku aliishia kutangaza uzi na rula. Atasemaje? Nguo za harusi zilikuwa zimeshakatwa. Binti alikuwa akiimba.

Ikafika siku ya ndege kukatwa kucha. Mama Ndege alipita asubuhi akamchukua na tundu lake. Chumba kikawa kimya, baba na binti wakishona. Mzee akaishiwa uzi mweusi. Akainuka, akasogea nyuma ya kiti cha binti, kwenye rafu ya nyuzi iliyo juu yake.

"Nanyanyua mkono," alisema, "nachukua uzi."

Binti akaendelea kukanyaga. "Baba, leo ndege hayupo."

"Najua."

Cherehani ikasimama. Binti hakugeuka; alitazama tu dirisha, mahali tundu linapokaa.

"Nakwambia wewe," alisema mzee. "Tangu mwanzo nilikuwa nakwambia wewe. Nilikukosea kwa rula ile, mwanangu. Nikaona haya kukuambia, nikamsingizia ndege."

Binti akasema kwa sauti ndogo, "Haya, Baba. Chukua uzi."

Akanyanyua mkono, taratibu. Shingo ya binti ikaingia mabegani vilevile, na safari hii wote wawili walijua.